Ndogo Ndogo, Zikae Muda

Maji ya moto yakigusa meshi hutoa harufu ambayo mtu aliyewahi kukaa saluni haisahau: plastiki iliyolainika, mvuke, na mafuta ya kichwa kilichoko karibu. Meshi ni zile nywele za bandia tunazosukia. Ukimaliza kusuka unachovya ncha zake kwenye kikombe cha maji yaliyochemka ili zisifumuke. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku hapa Greyville, Durban, na harufu hiyo kwa kawaida hainisumbui zaidi ya harufu ya sabuni.

Mwezi uliopita ilinisumbua. Aliingia mwanamume wa kwetu, Mkongomani, ameshika mkono wa mtoto wa kike wa miaka kama sita. Kifuani mwa mtoto palikuwa na kitambaa kidogo cheusi kilichobanwa kwa pini, na sisi tunajua mtoto wa hivyo anatoka wapi. Anatoka matangani. Mwanamume alimketisha kwenye kiti changu, akaniambia, "Mama, umusuke ndogo ndogo. Zikae muda." Mwenzangu wa kiti cha pili alikuwa ndiyo anachovya ncha za mteja wake. Ile harufu ikanifikia pamoja na yale maneno, vyote kwa mara moja, na nikaweka kitana chini.

"Anaenda wapi?" nikamuuliza.

Akacheka, kama watu wanavyocheka msusi anapouliza yasiyomhusu.

Mimi sikucheka. Nimeyasikia maneno hayo mara moja tu maishani yakiwa na maana ile, katika mji wa watalii ulioko kusini mwa Durban, na kwa yaliyofuata sijawasamehe waliohusika hadi leo. Wengine wao tunasali pamoja kila Jumapili.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wangu Josue tisa, na kitinda mimba wetu Mapendo minne. Baba hatukuja naye Afrika Kusini. Alifia kwetu kabla Mapendo hajazaliwa. Mama alitufikisha Durban, akatupangia chumba mtaa wa Point, nusu ya chumba kwa kweli, upande wa pili wa pazia akikaa mtu mwingine, na akasuka nywele. Alisuka barabarani, akasuka sokoni, mwishowe akapata kiti katika saluni ya tantine Odile. Hakuwa shangazi yetu wa damu. Alikuwa mwanamke wa mkoa wetu, na huku ugenini hiyo ilitosha. Kisha ikaja baridi ya mwaka ule, mama akaanza kukohoa, na kabla baridi haijaisha tukawa tunamzika.

Mtu akifa huku, chama cha watu wa kwetu ndicho kinachogeuka ukoo. Wanaume wake wanakuwa wajomba, wanawake wake wanakuwa mashangazi. Wanapika, wanakesha, wanamsindikiza marehemu. Hilo walilifanya vizuri, na sitawanyima. Lakini siku ya mwisho ya matanga kuna kikao kingine, cha wakubwa peke yao, cha kuamua nani atabaki na nini, pamoja na nani atabaki na watoto. Kwetu wangekaa kaka za mama, watu wanaotujua tangu tumboni. Durban alikaa papa Deo, mwenyekiti wa chama na mume wa tantine Odile, mtu mwenye gari na Kiingereza cha kuongea ofisini. Walikaa sebuleni kwake, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa jikoni naosha sahani za watu waliokuwa wakitugawa.

Nilisikia majina yetu. Solange, Josue, Mapendo, yamefuatana, halafu watu wakasema amina. Nikafikiri wanatuombea. Nilisimama pale mikono yangu ikiwa ndani ya povu, nikafumba macho, na mimi nikasema amina.

Miezi ikapita tukiwa kwa tantine, tumelala watatu kwenye godoro moja. Shule iliisha kwangu bila mtu kutangaza kwamba imeisha. Asubuhi Josue alivaa sare, mimi nikavaa aproni. Nilifagia saluni, nikaosha vichwa, nikaanza kusuka vichwa vya watoto, kisha vya watu wazima. Tantine aliwaambia wateja kwamba nina mikono ya mama yangu, na nilijivuna sana. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kufanya kazi ya mtu mzima kuanzia asubuhi hadi wanapofunga mageti. Kumbe nilikuwa bado mdogo mno wa kuambiwa mambo. Huo ndio mpango waliojipangia, na ukiutazama vizuri unawafaa wao tu.

Desemba papa Deo akatuambia tunaenda Margate kuona bahari, tutalala huko usiku mmoja.

Sisi tulikuwa watoto wa Point. Bahari ilikuwa mwisho wa barabara. Chumvi yake ilikula vitasa vya milango yetu. Josue akauliza kwa nini twende kuona bahari wakati bahari iko hapa. Papa Deo akamwambia ile ni nyingine. Nilikubali. Nilidhani bahari ni kama shule, kuna ya watu kama sisi na kuna ya wenye nazo, na mtu fulani mwenye huruma ametutafutia nafasi kwenye ile nzuri. Usiku kabla ya safari nilifua nguo zetu zote, hata zile ambazo hazikuwa chafu. Za Mapendo tantine alinisaidia kuzikunja, na akaziweka kwenye mfuko wa peke yake. Aliniambia ni ili zisichanganyike na zetu.

Tuliondoka asubuhi katika gari la papa Deo, nyuma tukiwa tumebanana na maboksi ya meshi. Wakati wa likizo wasusi wengi wa kwetu hushuka pwani ile kuwasuka watalii, na papa Deo alikuwa anawapelekea mali. Tulipita Jacobs, viwanda vikinuka moshi na kitu kama kabichi iliyoungua, Josue akaziba pua na kumziba na Mapendo. Alikuwa bado na vuvuzela aliyoiokota mtaani baada ya Kombe la Dunia, akaipuliza kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, mpaka papa Deo akamwambia atamuacha barabarani. Mapendo alicheka hadi akapata kwikwi. Aliketi mapajani mwangu njia nzima. Upande mmoja tuliona miwa, upande mwingine maji yakijitokeza na kupotea.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa ya kukodisha, ghorofa ya chini, ina baraza inayotazama mteremko wa majani. Kila kitu ndani yake kilikuwa na bahari. Mapazia yalichorwa samaki, sabuni ilikuwa na umbo la kombe la baharini, na ukutani palikuwa na usukani wa meli ambao haukuzunguka, Josue aliujaribu. Kulinuka nta ya sakafu na mablanketi yaliyokaa kabatini mwaka mzima. Walioikodi walitupokea mlangoni: mama Klarisse na mumewe, Wakongomani pia, wakazi wa East London, mji mwingine wa huku Afrika Kusini, wamekuja likizo. Mama Klarisse alikuwa mwanamke mnene mpole, amevaa wigi la kahawia, na mikono yake ilikuwa haijui iwekwe wapi. Alinisalimia mimi, akamsalimia Josue, kisha akachuchumaa mbele ya Mapendo, akanyosha mkono, akaurudisha. Nikafikiri ana aibu.

Mume wake alitupatia mkate wenye jemu. Tumbili akashuka kutoka juu ya paa, akachukua kipande cha Josue mkononi kabisa, akaketi kwenye ukingo wa baraza akakila akitutazama. Tulicheka wote, hata papa Deo. Nasema haya kwa sababu nilikuwa na furaha. Watu wazima wanapoficha jambo baya ndani ya siku nzuri, wanakuharibia na siku nzuri pia. Siwezi kumkumbuka yule tumbili bila hasira.

Tulipomaliza kula nikataka tuteremke majini. Tantine akanizuia. Akatoa meshi pakiti mbili na kitana changu. Alikuwa amekileta, mimi sikujua.

"Solange, umusuke mudogo yako kwanza," alisema. "Umusuke ndogo ndogo. Zikae muda."

Mapendo alikuwa na nywele nzito zinazojikunja karibu na ngozi, na alichukia kitana kama wengine wanavyochukia sindano. Kwa kawaida nilimsuka mistari sita, basi. Ndogo ndogo maana yake ni vichwa vya watu wazima, saa nyingi, mgongo kuuma. Niliuliza kwa nini, kwani Krismasi mistari sita inatosha. Tantine akasema anataka apendeze kwenye picha. Niliridhika na jibu hilo. Nikaketi kwenye ngazi ya baraza, Mapendo chini kati ya magoti yangu, nikaanza kisogoni.

Alilia kabla hata sijamgusa. Basi nikafanya alivyokuwa akifanya mama. Mama alikuwa na desturi yake: kichwa cha mtoto alichokisuka alikifumua mwenyewe. Wateja aliwaambia wamrudishie mtoto siku ya kufumua, na nywele zilizotoka kwenye kitana alizikusanya kwenye mfuko akazichoma, zisije zikaokotwa na mtu mbaya. Sisi wanawe alituambia maneno yaleyale kila mara tulipolia, nami nikamwambia Mapendo vivyo hivyo. "Vumilia. Nikimaliza, hakuna mtu atakugusa kichwa tena mpaka nikufumue mimi."

"Wewe tu?" akauliza.

"Mimi tu."

"Na tantine?"

"Na tantine haruhusiwi."

Akafuta machozi. Akanipa kichwa chake.

Mama Klarisse alivuta kiti akaketi karibu. Alisema anapenda kuona watu wakisuka, yeye hajui, mama yake alikufa mapema hakumfundisha. Akaanza kuuliza maswali, sauti ya chini, akitazama vidole vyangu na siyo uso wangu.

"Anakulaka nini?"

Nikamwambia anakula kila kitu isipokuwa samaki mwenye macho. Ukimtoa kichwa samaki, anakula.

"Usiku analalaka vizuri?"

Nikamwambia analala vizuri ukimpa sikio ashike. Lazima ashike sikio la mtu. Sikio la mbali halafai, la karibu ndilo analotaka. Nikamwambia pia kwamba hajikojolei tena, kwamba akipata homa inaanzia koo, kwamba anaogopa mashine ya kukaushia nywele lakini haogopi mbwa. Nikamwambia hasumbui. Nilisema hivyo mara mbili au tatu, huyu hasumbui kabisa, huyu ni mtoto mpole. Nilifurahi kuulizwa. Tangu mama afe hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kitu ninachokijua. Nilidhani mwanamke huyu asiye na mtoto ametupenda, na labda kila likizo atatuita wote watatu kwenye nyumba hii ya mapazia ya samaki. Basi nikamsifia mdogo wangu kama mchuuzi anavyosifia kitambaa, nikimgeuza huku na huku, na vidole vyangu havikusimama hata mara moja.

Nilimaliza jua likiwa limeinama. Tantine alileta birika na kikombe. Nilikusanya misuko yote mkononi, nikachovya ncha, mvuke ukapanda usoni mwangu na ile harufu. Nikazifuta kwa taulo zisimuunguze mgongo. Mapendo akatikisa kichwa kusikia uzito mpya. Mama Klarisse akaweka mkono mdomoni. Tantine akaniambia, "Vraiment, kweli, umefanya kazi muzuri," na kwa mara ya kwanza tangu tufike akanishika bega.

Picha hawakupiga. Niliona, lakini nikafikiri tutapiga kesho, majini.

Tulipewa kitanda kimoja sisi watatu. Misuko mipya inabana. Aliyesukwa ndogo ndogo anajua kwamba usiku wa kwanza hakuna upande wa kulalia. Mapendo alilia akilala chali, akalia akilala ubavu. Nikakaa nikiegemea ukuta, nikamlaza kifuani kwangu akiwa amekaa, shavu lake kwenye mfupa wa bega langu, mkono wake kwenye sikio langu. Tulilala hivyo. Ndivyo nilivyomshika mara ya mwisho akiwa na miaka minne.

Asubuhi papa Deo akatuita mimi na Josue twende kuona bwawa, lile walilojengea saruji kwenye miamba ili mawimbi yalijaze. Nikasema nimvalishe Mapendo viatu. Tantine akasema bado amelala, alihangaika usiku, tumuache apumzike, atatufuata na mama Klarisse. Ilikuwa kweli amelala. Nilimtoa kifuani, nikamlaza kwenye mto. Sikumbusu wala kumwambia kitu, kwa sababu mtu hamuagi atakayemkuta baada ya nusu saa.

Papa Deo alituchelewesha kule. Aliketi juu ya ukuta wa bwawa amekunja suruali, akatununulia aiskrimu. Kila nilipotazama barabara alisema wanakuja. Maji yalikuwa na chumvi ileile ya Point. Nilimwambia Josue na akayaonja, akasema ndiyo, ni yaleyale.

Tuliporudi, mlango ulikuwa wazi na kuna mwanamke wa Kizulu ndani anatandua mashuka kwenye kitanda chetu. Gari la mama Klarisse halikuwepo. Mfuko wa nguo za Mapendo haukuwepo. Nikamuuliza yule mama wako wapi, akanitazama, akatazama sketi yangu inayotiririka maji, akasema, "Bahambile, sisi." Wameondoka, dada. Aliendelea kukunja shuka, lakini taratibu, kama mtu anayeona kuna kitu amekivunja bila kukijua.

Tantine alikuwa barazani na kikombe cha chai. Nilimuuliza Mapendo amekwenda wapi. Akaniambia niketi. Sikuketi.

"Amepata mama," alisema. "Mama Klarisse iko na nyumba, iko na bwana muzuri, hana mutoto. Chama kiliamua siku ya matanga. Ni bahati yake, Solange."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia, ungelia. Ungelia, na yeye angelia. Mutoto asiyeagwa halii sana." Kisha akaniona nilivyokuwa. "Usilie mbele ya mudogo yako."

Nataka niwe mwadilifu. Sijasema mama Klarisse alikuwa mtu mbaya, na sijasema watoto watatu ni mzigo mwepesi katika nyumba ya watu. Wangeniita sebuleni, wakaniambia hatuwezi, tungelia, tungepiga kelele, labda mwisho wake ungekuwa uleule. Lakini wangekuwa wamemtoa mtoto mikononi mwangu nikijua. Wao walinitumia mikono yenyewe. Waliniketisha kwenye ngazi nikamfunga kama zawadi, nikamtolea na maelezo ya matumizi, wakanishukuru kwa kunishika bega. Ndogo ndogo, zikae muda, kwa sababu anakokwenda hakuna ajuaye kusuka. Walilifikiria hilo. Walifikiria nywele zake.

Njiani kurudi Josue hakupuliza vuvuzela. Alipoambiwa Mapendo yuko East London alielewa London, na shuleni akawaambia wenzake dada yake kaenda Ulaya. Aliulizwa sana habari za Ulaya, akawa anazitunga. Sikumsahihisha. Nilirudi kwenye kiti cha mama nikasuka, na tantine nilimwitikia kwa heshima, kwa kuwa tulikula kwake. Kila Jumapili nilimsikia akipongezwa kwa kulea yatima.

Desemba ikapita, ikafika tena baridi. Mama Klarisse alianza kupiga simu. Mwanzoni tantine alitoka nje kuongea. Baadaye alichoka kutoka, nikasikia. Mtoto hataki kuguswa kichwa. Miezi mitano, misuko ileile. Imeota chini, imeshikana kwenye mizizi, inanuka, shule ya chekechea wanalalamika. Akimsogezea kitana anajificha chini ya kitanda. Wamemshika wawili ili waikate kwa mkasi, kamng'ata mume wa watu. Wakimuuliza kwa nini, anasema jambo moja tu, kwamba Yaya hajaja.

Yaya ni mimi. Ndivyo kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake.

Tantine alikasirika kana kwamba ni mimi niliyetuma ujumbe. Ikaamuliwa, safari hii mbele yangu, kwamba nitapanda basi, nitakwenda, nitafumua, nitarudi. Papa Deo alinipandisha mwenyewe. Sikuchukua kitu ila kitana cha mkia na mafuta, na sikujibu neno, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwao namna ya kunyamaza.

Nilifikiri Mapendo atanikimbilia. Alikuwa sebuleni, amefungwa kitambaa kichwani, amekua, ana viatu vizuri. Alinitazama mlangoni. Kisha akaja, akanipa mgongo, akaketi sakafuni mbele ya kiti, mahali ambapo magoti yangu yangekuwa, akangoja niketi. Nikaketi. Akafungua kitambaa mwenyewe.

"Ulichelewa," alisema.

Misuko ilikuwa imeshuka vidole vitatu kutoka kwenye ngozi. Chini yake nywele zake mwenyewe zilikuwa zimejisokota zikawa kama sufu iliyolowa. Nilipaka mafuta, nikachambua mmoja mmoja kwa mkia wa kitana. Hakulia. Mama Klarisse aliketi ng'ambo ya chumba, bila wigi leo, kichwa chake kidogo kimefungwa leso, anatazama tena vidole vyangu. Saa zikapita. Nilipofika katikati, upande wote wa kulia ukiwa huru na upande wa kushoto bado, nikaweka kitana kwenye mfuko.

"Mbona unaacha?" mama Klarisse akauliza.

"Huu mwingine nitaufumulia nyumbani."

"Nyumbani ni hapa, ma chérie."

"Durban," nikasema. "Huku nimemaliza."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Sikuwa na nyumba Durban wala mahali pa kumlaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nimejiandaa hata kwa polisi. Nisichojiandalia ni kumuona mama Klarisse anatoa leso kichwani na kufutia macho.

"Waliniambia weye ulikubali," alisema. "Deo alisema mukubwa wao amekubali. Mimi nikakuona unamusuka, unanieleza mambo yake yote moja moja. Nikasema kweli, huyu amekubali, ananiachia mutoto na roho muzuri. Siku ile usiku mzima nilikuombea."

Nilimwinua Mapendo kutoka sakafuni. Alitupeleka kituo cha basi yeye mwenyewe. Alimpa Mapendo blanketi, akamwambia kwaheri, akalia mbele yake bila kujificha, na Mapendo akalia pia, na hakuna aliyekufa kwa kulia. Basi zima lilimtazama mtoto mwenye kichwa cha nusu na nusu. Alilala njia nzima ameshika sikio langu.

Tantine hakutufungulia mlango kama zamani. Alisema nimemvunjia mumewe heshima mbele ya watu, kwamba nisimlete mtoto halafu nitegemee sufuria yake. Nilimchukua Josue na godoro. Msusi mmoja wa Point alinipa upande wake wa pili wa pazia, na upande wa kushoto wa kichwa cha Mapendo niliufumulia huko, juu ya ndoo, nikakusanya nywele zilizotoka nikazichoma kama alivyofanya mama. Shule sikurudi tena. Wao wawili walikwenda, na walimaliza. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema kwa sababu kikao kile kilisema haiwezekani tukae pamoja watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuja kuniambia, Solange, tulikosea. Papa Deo akinikuta kanisani huniuliza Mapendo hajambo, kama mtu anayeulizia mti alioupanda.

Basi yule mwanamume wa mwezi uliopita alikuwa bado amesimama saluni, anacheka kidogo, anangoja. Nilimuuliza mara ya pili mtoto anaenda wapi. Akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anaenda kwa watu wema, Pretoria, Jumamosi, na nisiseme kitu maana bado hajaambiwa, atalia.

Nikainama nikamuuliza mtoto kama anajua anakokwenda. Akatikisa kichwa kuwa hapana.

"Nitamsuka," nikamwambia mwanamume. "Lakini mwambie kwanza. Hapa, mbele yangu, nisikie. Umwambie ni kwa nani, ni mbali kiasi gani, na ni lini atakuona."

Akasema mimi ni msusi tu. Nikamwambia ndiyo. Akatazama mlango, akatazama wanawake wote waliomgeukia vitini, na hakuna aliyemsaidia. Mwenzangu alizima birika. Mwishowe akachuchumaa, akashika mikono miwili ya mtoto, akaanza kumwambia.

Mtoto alilia sana. Tulimngoja amalize. Kisha nikavuta kiti, akaja mwenyewe kati ya magoti yangu, na nikachukua kitana.